Monel 400 huharibikia karakanani kabla ya kufika baharini

Ninapoletewa bomba au vali ya Monel 400, yaani aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli na shaba, iliyopasuka mapema, swali langu la kwanza halihusu maji wala asidi iliyopita ndani yake. Nauliza nani aliipasha moto, kwa tanuru gani, na kama uso wake ulisafishwa kwanza. Aloi hii imepewa sifa ya kustahimili mazingira makali, na sifa hiyo inaistahili; lakini katika kazi yangu ya kuchunguza metali zilizoharibika nimezoea kukuta kwamba kosa liliingia kabla kifaa hakijafungwa mahali pake.

Asili yake ni madini ya Sudbury, Ontario, nchini Kanada, ambamo nikeli na shaba hukaa pamoja. Mwanzoni mwa karne ya 20, Robert Crooks Stanley wa kampuni ya International Nickel alitengeneza aloi inayofuata kwa karibu uwiano huo wa asili, nayo ikapewa jina la rais wa kampuni, Ambrose Monell, kwa kuondoa herufi moja ya mwisho. Monel 400 ya leo ina nikeli isiyopungua asilimia 63, shaba kati ya asilimia 28 na 34, pamoja na chuma na manganizi kidogo. Kwa kuwa atomi za nikeli na shaba zinakaribiana kwa ukubwa, metali hizi huyeyukiana kwa uwiano wowote na kuunda fuwele za aina moja tu. Ndiyo maana huwezi kuikomaza aloi hii, yaani kuifanya ngumu zaidi, kwa joto. Huwa ngumu kwa kufuliwa, kuvutwa au kukunjwa ikiwa baridi. Anayehitaji mhimili wa pampu wenye nguvu zaidi hutumia aloi ndugu yake, Monel K-500, iliyoongezwa alumini karibu asilimia 3 na titani kidogo, ambayo hukomaa ikikaa katika joto la kadiri kwa saa nyingi.

Nitaje pia jambo linalowachanganya wakaguzi: aloi hii hupoteza usumaku wake katika joto linalokaribiana na la chumba, hivyo kipande kilekile kinaweza kuvutwa na sumaku kikiwa baridi na kuachwa kikipata joto. Sumaku isitumike kuitambua.

Katika maji ya bahari yanayotiririka, hulika kwa chini ya milimita 0.025 kwa mwaka. Maji hayohayo yakituama, viumbe na matope hujishika juu yake na vishimo huchimbika chini yao. Asidi ya hidrofloriki, ambayo metali chache huiweza, huistahimili vizuri mno mradi hewa isiingie. Ila mvuke wa asidi hiyo ukichanganyika na unyevu na oksijeni, metali yenye mkazo uliobaki ndani yake hupasuka. Asidi ya nitriki na chumvi kama kloridi ya feri huila haraka, kwa kuwa haina kromi ya kujenga utando wa kuizuia.

Tena haifai kuiunganisha ovyo na chuma majini. Mwaka 1915 ilijengwa meli ya starehe iitwayo Sea Call, yenye mabamba ya Monel juu ya fremu ya chuma, na baada ya muda mfupi baharini ikalazimika kuvunjwa kwa sababu chuma kiliteketea kwa umeme uliozaliwa kati ya metali hizo mbili.

Kuhusu ukerezaji nitasema kwa ufupi: aloi hii inanata na hugumuka chini ya ncha ya kukatia, hivyo ncha iwe kali, mwendo uwe wa polepole, na ulaji wa ncha usisite, kwa sababu ncha inayosugua bila kukata huacha tabaka gumu litakaloisumbua ncha inayofuata.

Katika kuchomelea, metali iliyoyeyuka huwa nzito na haitambai kama ya chuma, kwa hiyo mfereji wa kiungo uwe mpana, na fundi aielekeze metali hiyo mahali pake badala ya kuongeza umeme akitarajia ienee yenyewe. Waya wa kujazia wenye titani ni wa lazima, kwani titani hukamata gesi ambazo zingeacha matundu kwenye kiungo. Kuipasha moto kabla ya kuchomelea hakuhitajiki.

Adui ninayemwogopa kuliko wote ni salfa. Inatoka kwenye grisi, mafuta ya kukatia, chaki na rangi za kuwekea alama, au mafuta machafu ya tanuru. Salfa na nikeli huungana kuwa mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzijoto karibu 640 za Selsiasi, ilhali kuifua ikiwa moto kunahitaji nyuzijoto 925 hadi 1175; basi mipaka ya punje, yaani fuwele ndogo zinazoiunda metali, huyeyuka wakati punje zenyewe bado ni yabisi, na pigo moja la nyundo huifungua kama mkate mkavu. Risasi nayo huleta madhara ya namna hiyo. Kupasha moto upya hakuponyi nyufa hizi. Mimi huagiza sehemu iliyoathirika isagwe mpaka metali safi ionekane, na ikiwa salfa imepenya sana, kipande kizima kibadilishwe.