Kwa nini Buster Keaton hakucheka hata nyumba ilipomwangukia?

Kijana amesimama peke yake barabarani, kimbunga kinavuma. Nyuma yake kuna nyumba ya mbao ya ghorofa. Ukuta wote wa mbele unaachana na nyumba, unainama, kisha unaanguka mzimamzima juu yake. Vumbi linatimka. Kijana bado yuko palepale, wima, kwa sababu dirisha la juu lilikuwa wazi na limempitia mwilini kama mtu anayevishwa shati. Anatazama huku na huku, anaelewa kilichotokea, anatoka mbio. Usoni hamna kitu: hakuna kilio wala kicheko.

Kijana huyo ni Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani aliyecheza, kutunga na kuongoza filamu zake mwenyewe enzi za sinema bubu. Filamu ni Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928. Ukuta ulikuwa wa kweli, uzito wake kama tani mbili, na hapakuwa na ujanja wowote wa kamera. Walipima dirisha, wakapima mahali ukuta utakapotua, wakapigilia msumari ardhini ili ajue pa kuweka visigino. Nafasi kati ya mabega yake na fremu ya dirisha ilikuwa inchi chache tu. Angesogea hatua moja, tusingekuwa na cha kusimulia.

Wamarekani walimpachika jina la Uso wa Jiwe. Sasa swali: mtu ambaye kazi yake ni kuchekesha, kwa nini yeye mwenyewe hacheki?

Jibu linaanzia utotoni. Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 katika kijiji cha Piqua, jimbo la Kansas, akapewa jina la Joseph Frank. Wazazi wake, Joe na Myra, walikuwa wasanii wa kuzunguka, wakiishi kwa maonyesho ya jukwaani yaliyoitwa vaudeville, ambamo usiku mmoja mtazamaji aliona mwimbaji, mwanasarakasi, mbwa waliofunzwa na mchekeshaji. Mtoto hakuwa hata amefika umri wa shule alipoingizwa kazini. Mchezo wao ulikuwa hivi: mtoto mtundu anamkera baba, baba anamwinua na kumrusha. Anamrusha kwenye mapazia, anamrusha walikokaa wapiga muziki, na mara nyingine anamrusha hadi kwa watazamaji. Ili ashikike vizuri, nguo ya mtoto ilishonewa mpini wa sanduku la safari mgongoni. Mtoto akawa mzigo kwelikweli.

Wakuu wa New York waliushuku mchezo ule na wakamkagua mtoto kama ana majeraha. Wangekuwa na haki ya kushangaa: alikuwa amejifunza kuanguka kama paka, na alipokuja kusimulia maisha yake ukubwani alisisitiza kwamba hakuwa akiumia, bali alikuwa akifurahia. Mimi namwamini nusu. Baba yake alikuwa mlevi, na ulevi huo ndio uliolivunja kundi lao mwaka 1917. Mtu anayemrusha mtoto akiwa amelewa si yule anayemrusha akiwa na akili zake.

Lakini palepale jukwaani ndipo mtoto alipogundua siri. Akitua chini huku anatabasamu, watu walicheka kidogo. Akitua, akainuka, akajipangusa, akawatazama kama mtu aliyepatwa na jambo la kawaida tu, ukumbi ulipasuka. Baba naye aliliona hilo. Keaton alisimulia kwamba kila alipotaka kucheka, mzee alimnong'oneza kwa ukali: “Uso! Uso!” Maana yake, kausha. Ikawa mazoea, kisha ikawa maumbile.

Kwa nini inafanya kazi? Mfikirie mtu anayesimulia kisa huku anacheka kabla hajafika mwisho. Wasikilizaji wanamsindikiza kwa adabu tu, kwa sababu kicheko ameshakimaliza yeye. Mwenzake asimulie kisa kilekile kwa uso mkavu, kama anatoa taarifa ya msiba, na watu wanashika mbavu. Yule wa kwanza anatuambia tufanye nini. Wa pili anatuachia kazi. Anapoanguka mtu asiyetuomba huruma wala makofi, kinachobaki ni anguko lenyewe na sisi wenyewe, na hapo ndipo kicheko kinapotoka bila kuamrishwa.

Ndiyo maana huwa napinga kidogo hilo jina la Uso wa Jiwe. Jiwe halifikiri. Tazama macho yake. Katika One Week ya mwaka 1920, filamu fupi ya kwanza aliyoitoa kwa jina lake, bwana na bibi harusi wanapewa nyumba ya kuunganisha wenyewe vipande kwa vipande, na hasidi mmoja anabadilisha namba za masanduku. Nyumba inatoka kichekesho: mlango uko juu hewani, kuta zimepinda. Mwishowe wanalazimika kuihamisha, na inakwama katikati ya reli. Treni inakuja. Wanafumba macho, treni inapita kando, kumbe ilikuwa reli nyingine. Wanashusha pumzi. Papo hapo treni ya pili inatokea upande wa pili na kuisaga nyumba yote. Keaton anaitazama mbao iliyobaki, anachomeka kibao cha “Inauzwa”, anaongeza na karatasi ya maelekezo ya ujenzi, anamshika mkewe mkono, wanaondoka. Uso haukusogea, lakini wewe mtazamaji umeona hesabu nzima ikipita machoni mwake: kuna hasara, hasara imeisha, twende.

Na si kwamba hakuweza kucheka. Mwaka 1917, akiwa amesaini kucheza jukwaani New York kwa dola 250 kwa wiki, alitembelea studio ya mchekeshaji Roscoe Arbuckle na akaonja sinema. Siku hiyohiyo walimwagia asali nzito ya miwa ndani ya kofia yake na kumgandisha sakafuni. Aliomba kamera, akaifungua kipande kwa kipande kuona inavyofanya kazi, akaiunga tena. Kisha akaiacha ile kazi ya dola 250 akaenda kwa Arbuckle kwa dola 40. Katika filamu moja ya mwaka huo iliyopigwa Coney Island, ufukwe wa starehe wa New York, anaonekana akicheka meno nje, na akilia pia. Ukiiona leo unahisi kama umemfumania mtu mwingine. Baadaye aliwahi kusimulia kwamba walijaribu kuimalizia filamu moja kwa tabasamu lake, watazamaji wa majaribio wakachukia, tabasamu likatupwa.

Sasa, wengi huishia usoni. Mimi naona uso ule ulikuwa kanuni nzima ya uongozaji wake. Kama vile asivyomwambia mtazamaji “cheka hapa”, ndivyo alivyoikataza kamera isimsaidie kupita kiasi. Wenzake walikata picha ili kuficha hila. Yeye aliirudisha kamera nyuma, akaacha mwili mzima uonekane, na akataka tukio lianze na kuisha mbele ya macho yako bila kukatwa. Mtazamaji akishuku kwamba amedanganywa, kicheko kinakufa.

Mwaka 1926 alitengeneza The General, kisa cha dereva wa treni ambaye kichwa chake cha treni kinaibwa na majasusi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kisa hicho kilitokana na tukio la kweli la mwaka 1862. Alikwenda kupiga picha Cottage Grove, Oregon, kwa sababu huko palikuwa na reli za kufaa treni za zamani. Kuna mahali ambapo dereva, aliyekataliwa jeshini na kuachwa na mchumba, anakaa kwa huzuni juu ya chuma kirefu kinachounganisha magurudumu ya treni. Treni inaanza kwenda. Chuma kinampandisha, kinamshusha, kinampandisha, na yeye hajui, anawaza tu. Tunacheka kwa upole. Jambo ambalo picha haisemi ni kwamba kama mwendeshaji angefungulia mvuke ghafla, magurudumu yangezunguka kwa kasi na kumuua.

Mahali pengine ameketi mbele kabisa ya treni inayokwenda, amekumbatia taruma zito la reli. Mbele kuna taruma jingine limelala juu ya reli. Treni ikilikanyaga, itaanguka. Anainua lile alilonalo, analitupa kwenye ncha ya lile jingine, yote mawili yanaruka kando. Amepata jaribio moja tu, na treni haisimami. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi na bado pumzi hunikata.

Mwisho wa filamu hiyo, treni nzima inapita juu ya daraja lililowashwa moto, daraja linakatika, treni inatumbukia mtoni. Haikuwa mfano mdogo wa kuchezea. Gharama ya tukio hilo pekee hutajwa kuwa dola 42,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na mabaki ya treni yalikaa mtoni hadi Vita vya Pili vya Dunia yalipookotwa kama chuma chakavu. Na filamu? Ilikula hasara. Wahakiki wa siku zile waliiona ndefu na isiyochekesha. Mwaka 1989 Marekani ilipochagua filamu 25 za kwanza za kuhifadhiwa kama urithi wa taifa, The General ilikuwa mojawapo.

Mwili ulilipa pia. Mwaka 1924, katika Sherlock Jr., alining'inia kwenye bomba la tangi la maji la stesheni, maji yakamshukia kwa nguvu na kumbwaga, shingo ikagonga reli. Aliumwa kichwa kwa muda, akaendelea na kazi. Miaka mingi baadaye, daktari alipompiga picha ya eksirei, alimuuliza lini alivunjika shingo.

Fundi huyo alikuwa hivyohivyo hata kwa mambo madogo. Ile kofia yake bapa, iliyokuwa alama yake, hakuinunua dukani ikiwa hivyo. Alichukua kofia za kawaida, akazikata, akazilowesha maji ya sukari na kuziacha zikauke mpaka zikawa ngumu kama mbao. Katika filamu moja ya mwaka 1921 alitaka Keaton tisa wacheze kwa pamoja jukwaani. Wakafunika lenzi isipokuwa upenyo mmoja, wakapiga picha, wakairudisha filamu nyuma, wakafungua upenyo wa pili, hivyo mara tisa, na mpigapicha wake, Elgin Lessley, akizungusha mpini kwa mkono kwa kasi ileile kila mara. Akikosea mzunguko mmoja, wote tisa wanaharibika.

Watu husema ujio wa sinema zenye sauti ndio uliommaliza. Si kweli, sauti yake ilikuwa nzito na nzuri tu. Kilichommaliza ni karatasi. Kwenye studio yake hakuwa na hati ya filamu. Yeye na watunzi wake walitafuta mwanzo mzuri na mwisho mzuri, katikati wakaiacha ijitafute, na wakikwama walitoka nje kucheza besiboli mpaka wazo lije. Mwaka 1928 alikubali kuhamia kampuni kubwa ya MGM, ingawa Charlie Chaplin alimwonya asiende, na baadaye yeye mwenyewe aliuita uamuzi huo kosa kubwa kuliko yote maishani mwake. Huko kila kicheko kilipaswa kuandikwa, kupitishwa na kutiwa saini kabla kamera haijawashwa. Cha kuudhi ni kwamba filamu zake za huko ziliingiza fedha kuliko The General. Alilewa, ndoa ikavunjika mwaka 1932, na mwaka uliofuata akafukuzwa kazi. Baadaye alirudi kampuni hiyohiyo kwa mlango wa nyuma, akiwatungia wengine vichekesho kwa dola 100 kwa wiki.

Mwaka 1940 alimwoa Eleanor Norris, mcheza ngoma, na maisha yakatulia. Katika miaka ya 1950 mwigizaji James Mason, aliyekuwa akiishi katika nyumba ya zamani ya Keaton, alikuta makopo ya filamu ambayo mwenyewe aliyaacha. Filamu zilianza kuzunguka tena, na mwaka 1960 akapewa Oscar ya heshima.

Mwaka 1964, akiwa na miaka 68, aliitwa New York kucheza filamu fupi, karibu bubu kabisa, iliyotungwa na mwandishi wa Ireland Samuel Beckett. Kamera inamfuata mtu mmoja kutoka nyuma, na uso wake hauonekani mpaka mwishoni kabisa, jicho moja likiwa limefunikwa. Yaani walimwita mwenye uso mashuhuri kuliko wote, wakampiga picha mgongoni. Keaton alikiri hakuelewa ile hati inahusu nini. Aliuliza tu kama anaweza kuvaa kofia yake. Beckett akakubali, na ndiyo inayokuambia ni nani yule mzee anayekatiza mbio kando ya ukuta.