Je, wajua kwa nini mboga iliyolimwa karibu hupanda bei dola ikipanda?

Mboga yenyewe haikuvuka mpaka. Lakini mbolea iliyoikuza, dizeli ya lori lililoibeba na hata tairi za lori hilo mara nyingi vimeagizwa nje, na nje hulipwa dola. Kwa nchi nyingi zinazoendelea, hapo ndipo mfumuko wa bei unapoingilia.

Chukua pampu ya maji inayouzwa nje dola 200. Dola moja ikibadilishwa kwa 100 ya sarafu ya nchi, mwagizaji analipa 20,000. Sarafu ikidhoofika hadi 125 kwa dola, pampu ile ile ni 25,000. Ushuru wa forodha nao ni asilimia ya thamani: ukiwa asilimia 10, unatoka 2,000 hadi 2,500. Kodi ya ongezeko la thamani huja juu ya jumla hiyo. Sheria ya kodi haijaguswa, ila mnunuzi anatozwa zaidi.

Chanzo kingine ni serikali kuziba pengo la bajeti kwa fedha mpya kutoka benki kuu. Fedha zinaongezeka, bidhaa ni zile zile. Zimbabwe ilifika hadi noti ya dola za Zimbabwe trilioni 100, Januari 2009. Mwaka huo huo sarafu hiyo ikaachwa.

Benki kuu hujibu kwa kupandisha riba. Dawa hiyo hufaa pale fedha zilipozidi, lakini bei zikipanda kwa ukame, riba haileti mvua. Tena mkulima aliyehitaji mkopo wa pampu anashindwa kuumudu, na msimu ujao mavuno hayaongezeki.

Mshahara ukipanda asilimia 5 huku bei zikipanda 12, mfanyakazi amepoteza zaidi ya asilimia 6 ya uwezo wake wa kununua. Kaya maskini huumia kuliko zote, kwa sababu sehemu kubwa ya kipato chake huishia kwenye chakula, na njaa haiahirishwi.

Wengi huchanganywa na tangazo kwamba mfumuko umeshuka. Kitu cha 1,000 kikipanda asilimia 20 kinakuwa 1,200. Mwaka unaofuata mfumuko ukishuka hadi asilimia 5, kitauzwa 1,260. Kilichopungua ni kasi tu. Kwa hiyo mfanyakazi ambaye mshahara wake haujaguswa miaka hiyo miwili, akidai nyongeza ya asilimia 5 pekee, ile 200 ya mwanzo ameisamehe.