Je, wajua kwa nini dhahabu kidogo hutuliza akiba iliyomo katika mfuko wa uwiano?

Mkulima wa korosho wa Tandahimba, Newala au Liwale, kusini mwa Tanzania, hupokea sehemu kubwa ya fedha zake za mwaka katika miezi michache, tangu minada ya Oktoba hadi msimu unapofungwa, lakini matumizi yake hayafuati kalenda hiyo: ada ya shule hudaiwa Januari, na vibarua wa palizi na wa kupulizia salfa hulipwa kwa nyakati nyingine kabisa. Kwa mtu wa namna hii, akiba kushuka thamani si hasara bado. Hasara huja inaposhuka wiki ileile anayolazimika kuuza. Ndiyo maana swali la namna ya kupunguza kuyumba kwa akiba lina uzito wa pekee huku kusini.

Njia mojawapo iliyo rahisi ni kuchanganya vipande vya mfuko wa uwiano, yaani sehemu ndogondogo za mfuko anazonunua mwanachama, na dhahabu kidogo. Mfuko wa uwiano ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaogawa fedha za wanachama wake kati ya hisa za kampuni na mali zenye riba, hasa hatifungani za serikali, yaani hati za mkopo ambao serikali huchukua na kuulipia riba, na amana za benki. Hapa nchini unaojulikana zaidi ni Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya namna hii, ulioanzishwa mwaka 2005. Hisa hukua haraka lakini hupanda na kushuka sana. Hatifungani hulipa riba kwa tarehe zinazojulikana na kuutuliza mfuko. Basi kama mfuko umekwisha kujituliza wenyewe, dhahabu ya nini tena?

Jibu linaeleweka vizuri zaidi shambani. Mkulima anayelima korosho na mbaazi huamini kwamba ametawanya hatari, kwa kuwa mazao ni mawili. Lakini India ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa yote mawili, na mwaka 2017 ilipozuia uingizaji wa mbaazi, bei ilianguka vibaya hadi vijijini kwetu. Kama ingefanya hivyo kwa korosho pia mwaka huohuo, mazao yake mawili yangekuwa sawa na moja. Kwa hiyo la kujiuliza si una mali ngapi, bali ni je, mali hizo huangushwa na sababu moja? Mmarekani Harry Markowitz alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1952, na mwaka 1990 akashiriki Tuzo ya Nobel ya Uchumi kwa kazi hiyo.

Hisa na hatifungani zina sababu moja inayoweza kuziangusha pamoja, nayo ni mfumuko wa bei unaofuatwa na kupanda kwa riba. Riba mpya ikipanda, hatifungani ya zamani yenye riba ndogo hukosa mnunuzi mpaka bei yake ishuke, na kampuni nazo hukopa kwa gharama kubwa zaidi. Hilo lilitokea Marekani mwaka 2022: hisa na hatifungani zilianguka kwa pamoja, ilhali dhahabu ilimaliza mwaka karibu pale ilipoanzia. Mwaka 2008 hisa za kampuni kubwa 500 za nchi hiyo zilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake, na dhahabu ikafunga mwaka ikiwa juu kidogo. Dhahabu si deni la mtu wala la serikali, hailipi riba wala gawio, na mara nyingi hutafutwa zaidi pale imani katika fedha za karatasi inapopungua. Kwetu kuna sababu ya ziada: bei yake ya dunia huwekwa kwa dola, hivyo shilingi ikishuka, dhahabu hupanda kwa shilingi hata kama huko duniani imetulia. Kinyume chake pia ni kweli, kama ilivyoonekana shilingi ilipopanda kwa kasi mwishoni mwa 2024.

Tuchukue mfano wa kubuni. Una shilingi 1,000,000. Mwaka wa kwanza mfuko unapanda asilimia 12 na dhahabu inashuka asilimia 10. Mwaka wa pili mfuko unashuka asilimia 6 na dhahabu inapanda asilimia 20. Aliyeweka zote kwenye mfuko atafika 1,120,000 kisha atashuka hadi 1,052,800. Aliyeweka 800,000 kwenye mfuko na 200,000 kwenye dhahabu atafika 1,076,000. Akirudisha mgawo wake kuwa asilimia 80 kwa 20 kabla ya mwaka wa pili, atamaliza na takriban 1,067,400. Wa kwanza ameona shilingi 67,200 zikiyeyuka katika mwaka mmoja. Wa pili hakupoteza hata 9,000.

Hata hivyo, dhahabu yenyewe huyumba sana, na hapa wengi hukosea. Aliyeinunua Januari 1980 kwa takriban dola 850 kwa aunsi aliikuta karibu na dola 250 mwaka 1999. Kwa maoni yangu, isizidi sehemu moja ya tano ya akiba, na anayeanza angeanza na sehemu moja ya kumi. Na fedha ya ada ya Januari ijayo isiingie kabisa katika mchanganyiko huu; hiyo ikae benki au katika mfuko wa ukwasi, yaani ule ambao fedha yake hutolewa kwa haraka.

Jambo la pili ni umbo la dhahabu yenyewe. Mpelekee sonara bangili uliyoinunua mwaka jana, umtazame anavyofanya. Ataigeuza atafute muhuri wa ndani: 750 ni karati 18, yaani sehemu 750 za dhahabu safi katika kila 1,000, na 916 ni karati 22. Ataiweka mizanini, atatoa uzito wa jiwe kama lipo, kisha atakulipa dhahabu peke yake. Fedha uliyolipia nakshi na ufundi hairudi, na pengo hilo laweza kumeza faida ya miaka. Pambo lisilo na nakshi nyingi, lenye karati ya juu na risiti, ndilo linalofaa kwa akiba. Dhahabu ghafi ya kuuziwa mkononi kutoka machimboni ni ya kuepuka, kwa kuwa sheria inataka leseni kwa biashara hiyo.

Kurudisha mgawo ndiyo kazi inayosahaulika zaidi, ingawa msimu wa korosho huirahisisha. Malipo ya mwisho yakiingia, angalia thamani ya vipande vyako siku hiyo, pima dhahabu kwa bei ya sonara ya kununua, si ya kuuza, kisha uone ni upande upi umepungua. Fedha mpya ya mnada inunue upande huo, na mara nyingi hakutakuwa na haja ya kuuza kipande hata kimoja wala kuitoa bangili kabatini.