Mfuko wa pamba hauwi rafiki wa mazingira kwa kununuliwa tu

Wengi huamini kwamba mfuko wa pamba ni bora kuliko wa plastiki tangu siku unaponunuliwa. Sivyo. Pamba hunywa maji mengi shambani, hutiwa mbolea na dawa, kisha husokotwa na kufumwa kwa nishati nyingi. Mwaka 2011 Mamlaka ya Mazingira ya Uingereza ilikadiria kwamba mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo mchango wake katika ongezeko la joto duniani ulingane na wa mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. (Uchafu wa plastiki baharini ni suala jingine, na hapo pamba ina nafuu kubwa.)

Ndiyo maana navipenda vitu vyenye kazi mbili, kama skafu pana inayofungwa ncha ikawa mfuko: unatoka nayo shingoni, huwezi kuisahau nyumbani. Lakini faida ipo pale tu inapochukua nafasi ya kitu ambacho ungekinunua. Kama una mifuko mitano kabatini, usiongeze wa sita ulioandikwa “asilia”. Tumia hiyo hiyo mpaka ichakae, kisha ikate matambara ya kufutia.