Kichwa cha karoti hakizai karoti

Mwezi huu ni mama wa tatu sasa. Kaja kitaluni kwangu hapa Uyole na sahani ya bati, ndani yake vichwa vinane vya karoti vimekaa kwenye maji, vimechipua majani mazuri kweli. Anataka udongo wa kuvipandia. Video kwenye simu imemwambia atavuna baada ya miezi mitatu.

Hatavuna. Si kwa udongo wangu, wala kwa samadi ya mtu yeyote.

Karoti unayokula ni mzizi. Msimu wa kwanza mmea unaweka akiba ya chakula kwenye huo mzizi, msimu wa pili unaila akiba hiyo ili utoe maua na mbegu. Unapoinunua sokoni, kazi ya kwanza imeshakwisha. Ukikata kichwa unabaki na kishina kifupi chenye jicho, na mzizi uliokatwa haujiungi upya. Kipande udongoni, kipigwe na baridi yetu ya Juni na Julai, kitatoa bua refu na maua meupe kama mwavuli. Nimevichimbua mara nyingi niwaonyeshe watu: kile kipande cha zamani kimekuwa kigumu kama kuni, kimezungukwa na vimizizi kama nywele. Majani yanaliwa, yakaange na kitunguu. Ukitaka karoti, nunua mbegu, sia palepale zitakapokulia.

Vingine havina ugomvi. Punje ya kitunguu saumu inatoa kichwa kizima. Vitunguu majani vyenye mizizi yake, mchaichai, mnanaa: weka kwenye maji, badilisha maji kabla hayajanuka, hamishia udongoni. Kisiki cha kabichi kinatoa vichwa vidogo. Tangawizi inaota, ila kwa baridi ya huku itakuchosha. Wenzetu wa Kyela wana joto la kuitosha.

Yule mama akauliza, na maganda ya viazi je?

Hapo ndipo ninapopandisha sauti, maana ganda nene lenye jicho linaota kweli na linazaa kweli. Shida ni mnyauko bakteria. Kiazi kilicholimwa kule juu kwenye baridi kinaweza kubeba ugonjwa huu bila mmea wake kuonyesha dalili yoyote. Ukikileta bustanini penye joto zaidi, mmea unalala mchana ungali kijani, na bakteria wanabaki udongoni. Hawachagui viazi peke yake. Nyanya, bilinganya na hoho ni ukoo mmoja nao, wote wanakwenda.

Kuupima ni rahisi. Kata kipande cha shina la mmea ulionyauka, karibu na ardhi, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi yaliyotulia. Subiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka taratibu kutoka kwenye mkato, ndio wenyewe.

Lakini kipimo hicho ni cha mmea ambao umeshaugua. Kwa kiazi cha jikoni, vitabu vinasema kata, tafuta duara la kahawia, kamua uone kama linatoa ute. Nimekata viazi vyeupe, safi, bila duara wala ute, nikavipanda, na msimu uleule vikanyauka pamoja na mistari miwili ya nyanya zangu. Miaka yote hii ya kushika viazi, bado siwezi kukuapia kwa macho kwamba hiki ni kizima. Kwa hiyo maganda nayachemsha, nawapa nguruwe. Anayeng'ang'ania kupanda apande kwenye kiroba, na udongo wa kiroba kile usimwagwe kwenye tuta.

Mama alikuwa kimya muda wote. Kisha akasema maganda ya wiki iliyopita ameshayafukia, kwenye tuta la nyanya, yawe mbolea. Nimemwomba aache sahani hapa, akayafukue leo hii kabla mvua haijanyesha.