Mtoto anataka skauti wa majini? Anza na jaketi ya kuokolea maisha

Wazazi wengi wanatuuliza hawa skauti wa majini wanafanya nini hasa, ni picnic au ni jeshi. Si hiki wala kile. Kambi ipo, mafundo ya kamba yapo, bendera ipo, ila uwanja wao ni maji, yani kupiga kasia, kayaki, kuendesha mashua ya tanga, kujua upepo unatoka wapi na maji yanakupwa saa ngapi. Mambo haya yalianzia Uingereza, muda mfupi tu baada ya kambi ya kwanza ya skauti, ya kisiwa cha Brownsea huko huko Uingereza, mwaka 1907.

Sasa kuna kisa wasimamizi wote wa vijana majini wanatakiwa wakijue. Tarehe 4 Agosti 1912 skauti wa Walworth, London, walikuwa wanaelekea kambini Leysdown, pwani ya Kent, kwa mashua ya tanga, wamekaribia kabisa kufika, upepo ukawapiga ghafla mashua ikapinduka, wakafa vijana tisa, wengi ni wa miaka 11 mpaka 14. Na watu wazima walikuwemo humo humo. Ndo maana mtu akiniambia "usijali, viongozi wapo" mi nauliza jaketi ziko wapi.

Kwahiyo siku ya kuandikisha mtoto usidanganywe na rangi ya boti, simama ufukweni uwaangalie wakivaa. Zipu mpaka juu, mikanda yote imefungwa, halafu mwenzake amshike jaketi mabegani aivute juu kwa nguvu, ikipanda hadi masikioni ni kubwa na itamvuka akianguka. Angalia na namba ya nguvu ya kuelea iliyoandikwa ndani: 50 ni ya anaejua kuogelea na msaada uko jirani, haitamgeuza uso juu akizimia.

Kitu kingine, uliza kama wanafanya zoezi la kupindua boti makusudi kwenye maji tulivu. Kama hawafanyi, hapo pana shida. Mtoto anatakiwa azoee kuibuka, kuhesabiana, na kung'ang'ania boti, asijaribu kuogelea kwenda nchi kavu hata kama anaona ni karibu, maana boti iliyopinduka mara nyingi bado inaelea na waokoaji wanaiona toka mbali, kichwa cha mtoto hakionekani hata kwenye viwimbi.

Na kiongozi nae mwangalie, akiwa jaketi yake ameikalia kama mto basi tafuta kundi lingine.