Muhtasari wa maonyo ya kompaila: ajenti aambiwe nini

Heda moja mbaya, yaani faili la msimbo linaloingizwa ndani ya mafaili mengine, inatosha kuifurisha logi nzima ya kompaila. Tuseme `pakiti.h` ina kitanzi kinacholinganisha `int` (namba inayoweza kuwa hasi) na `size_t` (namba isiyoweza), na mafaili 60 ya C++ yanaitumia heda hiyo. Kompaila ya GCC yenye `-Wall`, chaguo la kuwasha maonyo ya kawaida, itatoa onyo la `-Wsign-compare` mara 60, kila mara na orodha ya faili gani limeingiza lipi, mstari wa msimbo, na kile kialama cha `^` chini yake. Kosa ni moja, mistari ni mamia. Mtu hupitisha macho tu. Ajenti wa akili mnemba atayasoma yote na kumaliza tokeni (vipande vya maandishi anavyoweza kusoma kwa mara moja), au atakatiwa logi na kubaki na kipande.

Skripti ya kufupisha si kazi kubwa. Marudio yaunganishwe kwa vitu vinne: njia ya faili, mstari, safu na jina la chaguo la onyo. Maneno ya ujumbe yasiingie humo, kwa sababu kwenye template (msimbo mmoja unaotumika kwa aina nyingi za data) mstari uleule hutoa maneno tofauti kwa kila aina ya data, na marudio hayataungana. Hifadhi ujumbe wa kwanza, mengine yahesabu. Njia za mafaili zisawazishwe kabla ya yote, maana faili moja huandikwa `src/pakiti.h` hapa na `../src/pakiti.h` pale, kutegemea kompaila imeitwa kutoka folda gani. Yale 60 yanabaki hivi:

    src/pakiti.h:42:23  -Wsign-compare  mara 60

Logi yenyewe ipatikane hivi, kwa make, zana inayoiita kompaila kwa kila faili:

    set -o pipefail
    LC_ALL=C make -k -j8 -Otarget 2>&1 | tee logi.txt

Kila kipande kina sababu yake. Bila `pipefail`, bash inarudisha matokeo ya `tee`, ambayo ni 0 hata kazi ikiwa imefeli, na ajenti anashangilia bure. `LC_ALL=C` inazuia GCC kutafsiri ujumbe kwa lugha ya mashine. `-k` inaiambia make iendelee na mafaili mengine baada ya kosa la kwanza. `-Otarget`, iliyokuja na GNU Make 4.0, inazuia kazi nane kuchanganya mistari yao. Ninja, zana mbadala ya make, hufanya hivyo yenyewe. Mradi ukilazimisha rangi kwa `-fdiagnostics-color=always`, futa alama za rangi kabla ya kuchambua.

GCC 13 na kuendelea inaweza kuandika SARIF, muundo wa JSON wa kuhifadhi maonyo, kwa `-fdiagnostics-format=sarif-file`, na hapo huhitaji kuchambua maandishi kabisa. Lakini maonyo yanakwenda kwenye faili, na anayeangalia terminali haoni kitu. GCC 15 ina `-fdiagnostics-add-output=sarif`, inayotoa vyote viwili. Kama una toleo hilo, tumia hiyo.

Sasa maelezo ya matumizi, yale anayopewa ajenti pamoja na muhtasari. Hapa ndipo zana nyingi za aina hii huharibikia. Ajenti hana mazoea ya mradi wako. Akisoma “maonyo 0” anaamini kazi imekwisha. Kumbe make imekompaili mafaili matatu tu yaliyobadilika, na maonyo ya mengine hayakutokea kwa sababu hayakuguswa. (ccache, zana inayohifadhi matokeo ya kompaila, haina shida hiyo, huhifadhi ujumbe na kuurudia.) Kwa hiyo mstari wa kwanza wa muhtasari useme `yamekompailiwa 3 kati ya 214`. Jumla utaipata kwenye `compile_commands.json`, ambayo CMake, zana ya kuandaa ujenzi wa mradi, huiandika ukiwasha `CMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS`. Na maelezo yaseme waziwazi: kama namba mbili hazilingani, sifuri haina maana, endesha `make clean` kisha ujenge upya.

Andika pia kiwango cha uboreshaji, yaani kompaila imeambiwa iboreshe msimbo kiasi gani. `-Wmaybe-uninitialized`, onyo la kigezo ambacho huenda hakijapewa thamani, hukosa mengi kwenye `-O0`, hivyo muhtasari wa `-O0` na wa `-O2` haulinganishwi.

Kisha eleza kilichoachwa. Nikifupisha orodha ya heda, ninabakiza ile ya tukio la kwanza na kuonyesha nambari ya mstari kwenye `logi.txt`, ili ajenti akikwama afungue hapo tu badala ya faili zima.

Jambo la mwisho ni marekebisho yenyewe. Ukimwambia ajenti “ondoa maonyo”, ataziba mdomo wa kompaila: `#pragma GCC diagnostic ignored`, `-Wno-sign-compare`, au kasti (kulazimisha aina ya data) kama `(int)` mbele ya urefu.

    for (int i = 0; i < (int)urefu; i++)

Onyo limekwisha, lakini urefu ukizidi 2147483647 thamani inaharibika kimyakimya. Dawa ni `size_t i`. Hata hiyo ina mtego: kitanzi kinachoshuka chenye `i >= 0` hakitaisha kamwe, kwa kuwa `size_t` haiwi hasi. `-Wtype-limits`, iliyomo ndani ya `-Wextra`, hulikamata hilo. Ndiyo maana maelezo yangu yana amri hizi tatu kwa ajenti: usizime onyo lolote bila ruhusa, usiongeze kasti ili kunyamazisha, na baada ya kila rekebisho jenga upya kila kitu kwa `-Wall -Wextra` kisha linganisha muhtasari mpya na wa zamani. Likitokea onyo ambalo halikuwepo, rudisha msimbo ulivyokuwa.